Vipindi Viwili vya Jumatatu

Maili Moja, Kibaha,
Jumanne, 9 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Bilali,

Marahaba, maana najua shikamoo yako ingetangulia. Hujambo huko Sumbawanga? Saida naye hajambo? Kikohozi cha Badru kimeisha, au baridi ya huko bado inamsumbua? Sisi tu wazima. Mama yuko palepale Msimbu. Goti linamzuia kuinama na kubeba, kusema halimzuii. Juzi kwenye simu aliniagiza nikuulize kama unakula.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu sisi wawili hukatana maneno, na jambo hili nataka ulisome mpaka mwisho. Barua anakuletea jirani yangu Eugenia, anayesafiri kesho.

Jumamosi Mwalimu Margareth, mkuu wa shule anayosoma mwanao Zuwena pale Visiga, aliwatangazia wazazi kwamba wanafunzi wa kidato cha pili waliotoka vijiji vya Kisarawe na kupanga vyumba karibu na shule huenda wakarudishwa kwenye shule za kata zao ifikapo Januari. Nilikaa kikaoni kwa niaba yako. Sababu ni majaribio ya Agosti. Kidato kina wanafunzi 186. Waliopanga ni 58, wengi wao wa Msimbu na Vihingo. Kati ya hao, 41 wamepata F ya Hisabati, na mwanao ni mmoja wao.

Ulipoyapata matokeo hayo ulisema chumba kifungwe, mtoto arudi kwa bibi yake, Kibaha kumemharibu. Sikukujibu siku ile. Wewe ndiye uliyemhangaikia nafasi hiyo kwa ajili ya walimu wa sayansi, na aliyetegemea sana ndiye anayeumia sana.

Kikaoni mzazi mmoja alisema watoto wa shamba wana vichwa vizito, na watu wakacheka. Niliomba tusomewe masomo mengine. Kwenye Kiswahili na Baiolojia hao waliopanga wako sawa na wenzao, na kwenye Kilimo wamewapita. Kichwa kizito hakichagui somo. Mwalimu Margareth akasema swali ni zuri, kisha akarudi kwenye orodha yake ya F. Simlaumu. Wilayani wanamuuliza asilimia, hawamuulizi mtoto amelala wapi.

Jana nikaenda shuleni mwenyewe. Kipindi cha kwanza na cha pili cha Jumatatu ni Hisabati. Mwalimu Fabian, kijana aliyehamia kutoka Kagera mwaka huu, alikuwa anaanza mada mpya, na madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Nilimuuliza wenyewe wako wapi. Akasema, "Hao ndio watoro wangu, mama. Kila Jumatatu. Wanalala."

Hawakuwa wamelala. Kipindi cha pili kilipokwisha, lori la Dotto, linalopeleka mihogo sokoni Mlandizi, lilisimama barabarani. Watoto wakashuka kutoka juu ya magunia, sare zao ndani ya mifuko ya plastiki, kila mmoja na kifurushi cha unga au mihogo kichwani. Ijumaa mchana huenda kwao kuchukua chakula cha wiki, na gari la kuwarudisha ni hilo moja tu, Jumatatu alfajiri.

Wenzao walikuwa dirishani wakiwasubiri. "Mihogo imefika! Mihogo imefika!"

"Mchana msije kuniomba," Zuwena akawajibu, bila hata kugeuka. Bilali, nilicheka. Ni wewe mtupu.

Aliponiona alishusha kifurushi chake. Akaniamkia, kisha akasema, "Shangazi, usimwambie baba." Nikamuuliza kwa nini asiache kwenda, unga nitamletea mimi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Unga sawa. Na maji ya bibi atateka nani?"

Mama hajawahi kutuambia. Jumamosi na Jumapili mtoto hujaza madumu yote ya nyumbani, bibi yake ayatumie wiki nzima. Kazi hiyo ilikuwa yetu, wewe na mimi, na wote wawili tuko mbali.

Kwa hiyo mambo yalivyo ndiyo hayo. Mwalimu huanza kila mada Jumatatu asubuhi. Hawa 58 hukosa mwanzo, wakafika kwenye mazoezi, wakaonekana wajinga. Hakuna aliyekusudia hivyo. Mwalimu Fabian alipoliona lori aliinua mikono kichwani. Alasiri alikuwa ameshaenda kwa mkuu wa shule kuomba vipindi hivyo viwili vihamie Jumanne. Mwalimu wa Historia, ambaye vipindi vya Jumanne ni vyake, anagoma kidogo, lakini anashawishika.

Mkuu wa shule amekubali kulipeleka suala hilo kwenye bodi ya shule, ila kwa sharti moja. Kila mzazi wa mwanafunzi aliyepanga aandike kama anataka mtoto abaki. Asiyeandika atahesabiwa ameridhia uhamisho. Mimi ni shangazi tu, saini yangu haitoshi. Mtihani wa taifa ni mwezi wa kumi na moja, na mtoto anayesubiri kuhamishwa hasomi.

Sikuombi umsifu. F ni F, na ana kazi kubwa mbele yake. Maji ya Mama nimeshazungumza na Biasha, yule jirani wa bondeni. Wanawe watateka Jumamosi hii, Zuwena abaki Visiga. Bibi yake amekubali, ingawa aliuliza mara mbili kama ni kwa Jumamosi hiyo moja tu.

Nisalimie sana Saida, mbusu Badru, na wote wa hapo wanaoniulizia uwape salamu zangu. Mama anakuombea riziki na mwili wenye afya, nami naitikia amina.

Andika ukurasa mmoja, uupige picha, unitumie kwenye simu. Nitauchapisha. Bodi inakaa Alhamisi, tarehe 18, saa nne asubuhi. Nitakuwepo, nikiwa na barua yako au bila barua.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata tunapokatana maneno,

Fadhila