Breki Ishirini za Las Palomas

Jumatatu, 9 Machi

Baiskeli ya sanaa imefungwa uwanjani, mbele ya kanisa. Haiendi popote. Unakaa, unakanyaga, ramani ya mtaa inawaka ukutani. Kila mahali mpanda baiskeli alipofunga breki ghafla, usukani unatetemeka na ukuta unakuwa mwekundu. Breki zenyewe ni zetu – watu arobaini tuliofungiwa visanduku vya kurekodi breki kwenye baiskeli zetu mwezi mzima. Mimi kwenye guta langu la kuuzia tamali, mikate ya mahindi ya mvuke.

Ijumaa wakubwa wa manispaa wanakuja kukanyaga. Patakapozidi wekundu patawekwa taa za barabarani. Pahali pamoja tu.

Nimejaribu. Kona ya benki imenitetemesha mpaka meno. Pale ndipo ninapouza! Nafunga breki kila mteja akiita.

Chini ya daraja la Las Palomas, lori lilipomvunja mume wangu Eleuterio mguu – kijani kitupu.

Jumanne, 10 Machi

Nimemuuliza Ximena, msanii mwenyewe. Binti mpole, tamali mbili kila asubuhi. Kasema mashine haijui hofu, mama, inajua breki. Nani hufunga breki pale?

Nikafikiri. Hakuna. Tunashuka wote na kusukuma. Tunapaogopa mno, hata mashine imepaona kama peponi.

Basi andika hivyo, nikamwambia. Kasema wakubwa wanataka namba, maneno wameshayasikia. Breki zangu za wateja atazifuta. Kufuta naweza, kasema, kubuni siwezi. Ila kisanduku changu kinaandika hadi Alhamisi saa sita mchana. Breki ishirini za kweli pale darajani zinatosha.

Eleuterio kacheka mpaka akakohoa. Miaka miwili tunapeleka barua manispaa, kasema, kumbe tulitakiwa tufunge breki. Halafu kasema, usiende. Nikaendelea kuloweka maganda ya mahindi ya kufungia tamali.

Jumatano, 11 Machi

Breki kumi na moja. Sikuigiza hata moja. Teksi, basi, basi, pikipiki, lori la maji. Nusu ya atole, uji wangu wa mahindi, imemwagika barabarani.

Niandike wazi: naogopa. Baada ya lile lori la maji nilishuka, nikakaa chini kama mzigo. Wenzangu wawili wenye visanduku wakanipita, wanasukuma baiskeli zao. Niliwaomba wanisaidie kufunga breki zilizobaki. Mmoja ana mgeni nyumbani, mwingine jino linamuuma. Yule wa jino akaniuliza kama nimegombana na mume.

Alhamisi, 12 Machi

Saa tano na robo asubuhi. Naandika juu ya kifuniko cha sufuria, ukingoni mwa barabara. Breki kumi na sita. Bado nne.

Eleuterio amekuja. Kwa magongo yake, mitaa sita! Tangu ajali hajakanyaga hapa. Hakunisalimu. Kaenda moja kwa moja katikati ya njia panda ya chini ya daraja, kanyanyua gongo moja juu. Magari yote yakasimama. Hata basi.

"Haya, pita, mke wangu. Pita taratibu."

Barabara tupu. Nikipita hivi sina cha kufungia breki, na mashine itaandika hapa ni salama. Nimemwambia atoke. Kasema hatoki mpaka nipite, nimeshamtia presha ya kutosha. Nimemweleza habari ya breki upya. Kasema anaijua.

Honi kila upande. Dereva wa basi amezima injini, ameniagiza tamali ya pilipili ya kijani.

Saa tano na nusu. Imebaki nusu saa, na breki nne. Bado amesimama. Lile gongo limeanza kutetemeka.