Hita ya Subukia

Jumatatu, 10 Machi 2025

Ukiliokota daftari hili, lifunge. Nakusihi! Usimwambie mtu hata neno moja, hasa Hiram, mkubwa wangu. Mimi ni karani tu katika karakana ya umeme hapa Nakuru. Injinia aliondoka mwezi jana, Hiram akaniita: "Jepleting, wewe umesoma. Hesabu ni hesabu." Basi mchana napiga hesabu za saketi, na jioni naenda darasani kujifunza kile ninachojifanya nakijua.

Jumanne, 11 Machi

Leo ni hita ya maji, ya kuoshea mikebe ya maziwa kwenye ushirika wa Subukia. Koili mbili, kila moja ina ukinzani wa omu 40. Nikajumlisha: 80. Volti 240 gawanya kwa 80 — ampea 3. Nikamwambia fundi Wasike atumie waya mwembamba na fyuzi ndogo. "Sawa, daktari wa stima!" Wote wakacheka. Hata mimi.

Jumatano, 12 Machi

Wasike amepiga simu kutoka Subukia. Fyuzi inakatika kila akiwasha. Nikamwuliza atafanyaje.

"Nishaitoa fyuzi, nikafunga kipande cha waya mahali pake, madam. Huku kila mtu hufanya hivyo. Sasa inachemka kama ya hoteli!"

Nyuma yake mama mmoja akauliza kama waanze kuosha. Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa?

Alhamisi, 13 Machi

Darasani jioni, Mwalimu Kipyegon alichora koili mbili sambamba, kila moja imeshikana na nyaya zote mbili za stima. Umeme una njia mbili za kupita, kwa hivyo ukinzani unapungua. "Hapa msijumlishe kama makarani!" Kicheko darasa zima.

Hita yetu iko hivyo hivyo. Omu 20, si 80. Ampea 12 — kwenye waya ule mwembamba! Fyuzi ilikuwa inasema kweli, nasi tukaiziba mdomo.

Wasike hapatikani.

Ijumaa, 14 Machi

Bado hapatikani. Nimemwambia Hiram. Hakupandisha sauti.

"Niwapigie wateja niseme karani wangu alikosea? Wasike atapita huko Jumatatu. Na ukienda wewe, usirudi hapa."

Sina kazi nyingine. Sina!

Nimepigia ushirika simu nikiwa chooni. Akapokea msichana, Cheptanui. Hita iko poa, akasema, ila ukutani kuna harufu kama plastiki inaungua. Nikamwambia azime swichi kubwa.

"Mkubwa wenu ndiye amesema?"

Nikasema ndiyo. Lakini mwenye ufunguo wa chumba cha swichi ametoka, na kina mama wako ndani, mikono majini. Nimemwambia awatoe. Akasema ngoja — simu ikakatika.

Naenda. Daftari naliacha wazi hapa mezani. Simu yangu imeisha chaji. Anayenitaka apigie ofisi ya ushirika wa maziwa, Subukia, aulize Jepleting wa hita. Nambari iko nyuma ya jalada. Wasipopokea, piga tena. Wasipopokea tena…