Sarafu ya Farasi Imetobolewa

Mpendwa Mama Elinaja,

Jumamosi iliyopita, kabla ya adhuhuri, nilipoteza pauni elfu ishirini na tisa kwa tundu dogo kuliko punje ya mtama.

Nilikuja London na begi moja, leo nina kampuni ya kusafisha nyumba yenye watu kumi na mmoja, kwa hiyo hesabu sibahatishi. Mwaka jana nilinunua mnadani dawati kuukuu kwa pauni sitini, ndani ya droo nikakuta sarafu ya dhahabu yenye farasi anayeruka, mimi na mume wangu tukaipeleka kwa mthamini, akasema ni ya utawala mmoja mdogo wa Ujerumani, mwaka 1664, adimu, inafika elfu thelathini na nane, nikaiweka kabatini nikisubiri mnada wa mwezi ujao, iwe arubuni ya nyumba hapa Barking tuachane na kupanga, kumbe mavyaa wangu, Bi Mwanabaraka, aliyekuja kutoka Unguja kwa harusi ya binti yetu, ameiona, akaipeleka kwa sonara ikatobolewa, akamvisha mjukuu wake mbele ya wageni, ananiambia, "Mwanangu, dhahabu haikai kabatini, hukaa shingoni mwa bi harusi." Watu vigelegele. Mume wangu, aliyempeleka mama yake kwa sonara kwa gari, anasema nisimuaibishe mtu mzima. Mthamini sasa anasema elfu tisa.

Nimrudishe mavyaa kwao?

Jokha, Barking

Jokha, pole. Nimesoma nikashika kichwa.

Mavyaa mwache. Kwenu bibi humvisha mjukuu mkufu wa sarafu za dhahabu, na hakuna aliyemwambia kwamba sarafu hii ndiyo arubuni ya nyumba yenu. Ulimficha, kosa hilo ni lako, limeze. Mweleze kwa upole, na binti aivue leo. Tundu lisizibwe, sarafu isisuguliwe hata kwa kitambaa, la sivyo hizo elfu tisa nazo zitayeyuka.

Ila wewe bingwa wa hesabu umeruka mstari mmoja. Mumeo alikuwepo elfu thelathini na nane zilipotajwa, na ndiye aliyeshika usukani kwenda kwa sonara. Usimuulize mbele ya mama yake, atajificha nyuma ya buibui. Mkalishe Ijumaa baada ya swala: "Ulijua kinachokwenda kutobolewa, ukanyamaza?" Hadithi za heshima akamsimulie mwingine. Kabla hujatia sahihi karatasi yoyote ya nyumba pamoja naye, akujibu ndiyo au hapana, mwisho saa kumi na mbili jioni.