Siku Ine mu Maji

Walikale, 12 Mei 1963

Dada Euphrasie,

Jambo sana kwako na kwa wote wa Muheto. Unalala kidogo? Sisi mwili iko muzima, roho hapana.

Barua ya mbele ilikuambia tu kama mutoto wako Sidonie amekufa hapa kwangu. Sasa nakuandikia namna gani. Nilikuwa ku kazi, ku biro. Alipotoka ku masomo njaa ilimushika, akang'oa muhogo mu shamba ya jirani, akaula mubichi, vile tunafanyaka huko kwetu Masisi. Dada, muhogo ya huku iko kali, inaua. Wenyeji wanaiweka siku ine mu maji mbele ya kuipika. Miaka sita niko hapa, na sikumwambia mutoto! Nisamehe ao usinisamehe.

Kaka yako,
Barthélemy

Muheto, 30 Juni 1963

Kaka yangu,

Nakusalimia wewe na muke wako. Mukule, tafazali, hata mimi wananilazimisha.

Usijilaumu peke yako. Mimi njo nilimuzoesha. Tukitoka ku shamba nilikuwa namumenyea muhogo, namwambia: kamata, tembea. Mutoto wa miaka kenda!

Sasa nimeanza kusema. Padiri aliniruhusu nisimame misa ikiisha. Siku ya soko naenda pale kamiyo inapakia watu wa Walikale, nawashika mikono: muhogo ya kule, siku ine mu maji! Wanacheka, wananiita Mama Muhogo. Mukamurenzi, jirani yangu, anasema ni haya. Haya gani tena, kaka?

Dada yako,
Euphrasie

Muheto, 3 Oktoba 1965

Kaka,

Uko muzima? Tangu Pasaka sijapata barua yako.

Huku vita imeingia, majirani wanachomeana nyumba. Watu wanakimbilia kwenu mu pori, kwa miguu, na watoto. Kila siku niko barabarani, sauti imeniisha. Hakuna anayecheka tena. Wanaitika: ndiyo Mama, siku ine. Niambie kama wanafika. Niambie kama walisikia.

Dada yako,
Euphrasie

Walikale, 21 Novemba 1965

Dada,

Namushukuru Mungu kama ungali unapumua. Sisi tuko.

Wanafika, wengi sana. Nilitaka kukudanganya, nimeshindwa. Juma hii tumezika watoto watatu, sababu ya muhogo. Niliuliza mama ya mumoja, Libérata, mutu wa Mweso, kama hakuna mutu alimwambia. Akajibu: "Mama mumoja wa Muheto alinishika mukono, akasema siku ine. Niliuweka mu maji, Papa. Lakini mutoto alikuwa hajakula siku tatu, analia. Kesho yake nikautoa."



Kaka yako,
Barthélemy

Muheto, 19 Desemba 1965

Kaka,

Salamu. Mwili iko, nashukuru.

Barua yako nimeisoma. Siku nane sikutoka mu nyumba. Niwaambie nini tena, na wanajua?

Jana nilirudi barabarani na chungu kikubwa cha maharagi. Nikawaambia: mukae, mukule, kisha muchukue na ingine ya njia. Saa tatu ya asubuhi chungu kilikuwa tupu. Watu walipita mpaka jua likazama. Hao wengine niliwaambia tu: siku ine.

Dada yako,
Euphrasie