Aliyefuta Konti ya Papa Ni Mimi

Mpendwa dada yangu, Yaya Nsimire,

Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mtu barua hii, hata yule muuguzi mwenzako mnayekaa naye nyumba moja. Nimeikabidhi kwa mtu anayepanda ndege kuja Shabunda kwa sababu sikuthubutu kuyaandika haya kwenye simu. Neno moja la humu likirudi Bukavu kabla ya Jumapili, Papa wetu atalisikia kwa midomo ya watu, na mimi nataka alisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka kompyuta ilipoingia nyumbani? Mimi nilikuwa ninasoma Uvira, lakini ulinisimulia mara nyingi hadi ninaiona: Papa akishuka mtaa wa Nguba juu ya pikipiki, amekumbatia kioo kilichofungwa kwa kitenge cha Maman. Alikuwa ameinunua kwenye ofisi ya shirika lililokuwa linafunga. Wewe ndiye uliyemtengenezea kila mtu konti yake ya kuingilia, na Papa akatoa amri kwamba msimamizi wa mashine awe mtu mmoja tu, wewe. Nilipokuja likizo nilikuta sheria imekwisha kukomaa. Kila ulipoandika neno la siri, wote tuligeuka kutazama ukuta, Maman na mwiko wake mkononi, na Papa mwenyewe akiwa wa kwanza kugeuka.

Ninakumbuka pia kitabu cha hesabu cha darasa la tano alichokuwa anakitunga humo. Miaka minne ya kuandika kwa vidole viwili, kila asubuhi. Ulikuwa unasimama nyuma yake unasoma kwa sauti: "Nsimire ana vikapu sita vya viazi kutoka Minova." Siku moja ukamwuliza, "Papa, mbona mu hesabu zako zote ni mimi tu nabeba mizigo?" Akajibu bila kugeuka, "Kwa sababu wewe hauangushake kitu. Mugisho nikimupa vikapu, hesabu haitatoka." Mimi, Mugisho mwenyewe, nilicheka kuliko ninyi wote.

Kisha ukapata kazi Shabunda, na ule ugomvi ukaingia nyumbani. Papa hakutaka uende. Ulimwambia maneno makali, naye akakujibu makali zaidi. Asubuhi ya safari, yeye akiwa amejifungia chumbani, uliniita kwenye kompyuta na kuibadilisha konti yangu, nikawa msimamizi kama wewe. "Usimuambie Papa, atasema nimevunja sheria yake," ulisema. "Mashine ikigoma, utawasaidia. Lakini ukitaka kufuta kitu cha mutu, unipigie kwanza."

Sikukupigia.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku mbili tu tangu uondoke; Papa hakuwa ameigusa mashine tangu ule ugomvi, na sasa yeye na Maman walikuwa wamekwenda kwenye kilio Walungu. Mashine ilikuwa nzito, nafasi imebaki kidogo, na mimi nilitaka Papa arudi aikute inakimbia, aniambie kitu kizuri. Nikafungua orodha ya watumiaji. Nikaona majina yetu, na chini yake, kwa Kifaransa, Logistique, Réception na Directeur, yaani mkuu. Nikadhani yote matatu ni mabaki ya ile ofisi iliyofungwa, kwa kuwa konti yenye jina la Papa niliiona pale juu. Nikazifuta moja moja, na kwa ile ya tatu mashine iliniuliza kama ninataka kuifuta pamoja na kila kilichomo. Nilibonyeza ndiyo bila hata kuifungua nitazame ndani. Mimi, ambaye ofisini ninasoma barua mara tatu kabla ya kugonga muhuri.

Jumatatu jioni niliporudi kutoka kazini, Papa aliniita.

"Mugisho, kuja uone. Konti yangu haiko, na kitabu chote kilikuwa mule."

"Si hii hapa, Papa?"

"Hiyo sijawahi kuitumikisha. Nsimire aliitengeneza, nikamuambia mimi niko directeur wa shule miaka yote hii, aniachie ile ya directeur. Alicheka, akaniachia."

Maman akasema labda ni umeme ulikatika. Papa akasema, "Umeme hauwezi kuchagua konti ya mutu moja." Kisha akanitazama. "Nani alikuwa na ruhusa ya kufuta?"

Yaya, ningeweza kunyamaza, na hilo peke yake lingekuwa baya. Lakini nilijibu. Nilisema, "Ni Yaya tu."

Alikaa kitini polepole. "Kumbe alinikasirikia mpaka kufika hapo," akasema. Kesho yake, kabla hawajaamka, nilijiondolea usimamizi, nikajirudisha kuwa mtumiaji wa kawaida, ili mtu yeyote akichunguza aone jina lako peke yako. Tangu siku hiyo mashine haikubali kuwekewa kitu kipya bila neno lako la siri, na nyumbani wanasema uliwafungia makusudi. Ndiyo maana Papa hapokei simu zako. Hayuko kanisani, kama Maman anavyokuambia. Amekaa pale sebuleni, anaitazama simu mpaka inanyamaza.

Wiki iliyopita alinipa daftari nimsahihishie. Anaandika kitabu upya, kwa kalamu. Nilifika kwenye hesabu ya vikapu sita vya viazi. "Mugisho ana vikapu sita," ameandika. Nikafunua kurasa zote. Jina lako halimo hata mahali pamoja, Yaya. Kila ulipokuwa wewe, niko mimi. Akaniuliza kama nimeona kosa. Nikamwambia sijaona.

Nimejaribu kumwambia mara mbili, nikaishia kumwuliza kama anataka chai. Mkubwa wangu wa kazi ni rafiki yake wa parokia. Alinichukua kwa sababu Papa alimwambia, "Mutoto wangu hasemi uongo." Nikifukuzwa, nimestahili. Ninachoogopa zaidi ni uso wa Papa atakapohesabu miezi ambayo hakukusikia kwa sababu yangu. Kwako sijui hata niombe msamaha wa lipi kwanza.

Jumapili baada ya misa nitamwambia, Maman akiwepo. Nimeandika sentensi ya kwanza kwenye karatasi, nisije nikakwepa.

Ukitaka kunipata, usipige simu yangu. Piga ya Papa, Jumapili hiyo hiyo saa kumi, mtandao wa kwenu ukiruhusu. Atakuwa ameshajua, kwa hiyo atapokea. Neno lako la siri usinipe mimi, mpe yeye, herufi moja moja, usimharakishe. Nitakuwa nimekaa pale pale sebuleni. Akitaka tuongee, atanipa simu. Asipotaka, usimwombe.

Mdogo wako,
Mugisho