Kesi ya Watu Waliokwisha Kula Pamoja

Karatu,
Jumapili

Mama, shikamoo.

Kifua kimekuachia? Na Bibi, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Naandika kwa sababu kwenye simu muda wote tunaulizana kama tunasikiana, kisha mtandao unatuagia kwa niaba yetu. Mimi ni mzima. Baridi ya huku huamka kabla ya watu, ila nina masweta mawili na navaa yote.

Uliniuliza wakili mdogo wa jinai hufanya nini hasa. Anabeba mafaili ya bosi, Mama. Kesi za viwanja bosi anabaki nazo mwenyewe hapa mjini. Za kupigana na za mifugo napewa mimi, hasa zikiwa Loliondo. Gari la kule linakatiza hifadhini. Wageni wametoka Ulaya kuja kuwatazama pundamilia. Mimi nawapita nimesinzia, nikienda kuambiwa kwamba hakimu ana udhuru.

Wiki iliyopita hakimu alikuwepo. Mteja wangu ni mfugaji wa Malambo, mtu mzima, anaitwa Koinet. Aligombana na jirani yake, Melita, juu ya zamu ya kunywesha ng'ombe, akampasua kichwa kwa rungu. Polisi wakafungua jalada: shambulio la kudhuru mwili. Hilo ni jambo la kifungo. Lakini kabla kesi haijaitwa, wazee wao walikwisha kuwakalisha wapatane. Koinet akatoa ng'ombe mtamba kuwa fidia, mbuzi akachinjwa, wakala pamoja. Kwao mkishakula, yameisha. Siku ya kesi niliwakuta nje ya mahakama, mshtakiwa na mlalamikaji, wanapokezana kikombe kimoja cha chai. Nikadhani nimekosea watu.

Nikamvuta Koinet pembeni. "Baba, ukisomewa shtaka, sema si kweli. Mengine niachie mimi."

"Lakini ni kweli."

"Najua. Sema si kweli, ili wao wathibitishe."

Akanitazama kama unavyonitazama nikitia nazi ya pakiti. "Nikikana, nimemwita Melita mwongo. Na yule mtamba niliyemtoa alikuwa wa nini? Tutaanza kupigana upya."

"Ukikubali utafungwa."

"Sasa wewe umekuja kufanya nini?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mtihani wa uwakili.

Shtaka likasomwa. "Ni kweli," akasema Koinet, kama mtu anayeitikia salamu. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, kwamba alimpiga mlalamikaji rungu la kichwa. Hakimu akamuuliza kama maelezo hayo ni sahihi.

"Kuna kitu amesahau," akasema Koinet. "Nilimpiga mara mbili."

Mwendesha mashtaka alikuwa anafunga faili taratibu, kama mtu aliyeshiba. Nikainuka. Nikaomba kwamba kabla ya kumtia hatiani, mahakama imsikilize mlalamikaji, maana sheria inaruhusu ugomvi wa watu na watu wa namna hii usuluhishwe.

"Mlalamikaji ni Jamhuri," akasema mwendesha mashtaka.

Melita akasimama bila kuitwa. "Huyo Jamhuri alipigwa wapi? Kichwa ni hiki."

Watu wakacheka. Askari akawanyamazisha huku naye akijiziba mdomo. Hakimu hakucheka, akamwambia aseme.

"Mheshimiwa, huyu amenilipa, na nimekula kwake. Mkimfunga, nitakuwa nimelipwa mara mbili. Kwetu anayelipwa mara mbili anageuka mdaiwa. Watoto wake watakuja bomani kwangu kunidai baba yao."

Hakimu akaandika, akaandika. Koinet alikuwa anatazama mawingu dirishani; wasiwasi wake nilimfanyia mimi. Mwishowe mwendesha mashtaka akaulizwa. Alimtazama Melita, akatazama kovu la kichwani mwake, akasema hana pingamizi. Shauri likaandikwa kuwa limesuluhishwa, Koinet akaachiwa.

Nje walikuwepo wote: wake, kaka, shemeji, watu wa Melita na watu wa Koinet, wanapanda pikapu moja, wamejaa hadi mlango wa nyuma haufungi. Koinet akarudi nilipokuwa napanga karatasi zangu.

"Wakili, watu wako wako wapi?"

"Watu gani, baba?"

"Wa kwenu. Umesimama kusema, na nyuma yako hakukaa hata mmoja."

Nikamwambia mama yangu yuko Newala, kusini kabisa mwa nchi.

"Ni mbali kupita Samunge?" akauliza, akitaja kijiji cha upande wao.

"Kupita kidogo."

Akafikiri. "Siku ukikamatwa wewe, nani atakuja?"

Nilicheka. Yeye hakucheka; alikuwa anauliza. Kisha akaenda kubanana na Melita kule nyuma, na mimi nikasubiri gari langu la kesho yake.

Bosi aliniuliza nilishindaje. Nikamwambia tulikubali kila kitu na tukaongeza kidogo.

Jana nilipika ugali kwenye ile sufuria uliyonifungia, ya watu sita. Ugali wa mtu mmoja unakaa chini kabisa, kama umejificha. Nikala huku nikimtafutia Koinet jibu. Mzee Salimu wa dukani, anayeniita Binti Korosho, labda angekuja, akipata wa kumwachia duka. Mwenye nyumba angekuja kuulizia funguo. Hapo nikaishiwa.

Msalimie Bibi, umwambie kwamba daktari yuko sahihi, ila asimwambie huyo daktari kwamba nimesema. Kaka na mkewe, na yule mtoto wao ambaye sijambeba bado. Mjomba mwambie mchumba anayenitafutia amwache kwanza apumzike.

Mahakama zikifunga Desemba nakuja. Nina ombi moja, Mama. Siku hiyo usije stendi peke yako. Njooni wote, na Mjomba, na Bibi mkimweza, na majirani wakiwa na nafasi. Ombeni pikapu ya ushirika. Sijakamatwa na sina kesi. Nataka tu nishuke nikute mmejaa hadi mlango haufungi.

Mwanao,
Somoe