Leta Majani, Profesa

Nyakundi, ndugu yangu,

Wacha nianze na ile habari ungeuliza kwanza. Kerubo amerudi shule. Jumatatu moja mwezi uliopita alishuka njia ya Ekerenyo, sare imepigwa pasi, na aliyemrudisha ni mimi. Ndiyo, mimi. Keti vizuri huko uliko nikusimulie.

Ulipotuacha, dada yako alifunga kitabu cha Kiingereza akasema hakifungui tena, kwa sababu mwalimu wake ulikuwa wewe. Mama yako akambembeleza, akamkemea. Wazee wa kanisa wakaja, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda. Wapi. Kila asubuhi Kerubo anabeba kikapu anaingia shambani kuchuma majani ya chai, kama mtu ameandikwa kazi. Mama akaniita kando: "Wewe ndiye ulikuwa rafiki yake, fanya kitu. Huyu akizoea pesa ya majani, shule imekwisha."

Sasa mimi, mtu wa kidato cha pili na hicho sikumaliza, nifanye nini? Nilichukua kikapu nikaingia mstari wa karibu na wake, nikaanza ule mchezo wetu. Unaukumbuka. Mkono ukijaa majani, unataja kitenzi na sura zake tatu, go, went, gone, ndio unatupa kikapuni. Ukikosea, majani yako yanaingia kwa kikapu cha mwenzako. Mwizi wewe. Ulikuwa unafika kituo cha kuuzia kikapu kimefura, mimi nimebeba kitu kama kiota cha ndege. Nilipenda Jumamosi, Sabato yetu, sana, siku ya kupumzika kuibiwa.

Basi nikaanza peke yangu, kwa sauti. Take, took, taken. Kerubo anachuma tu. Eat, ate, eaten. Uso wake uko kwa majani tu. Nikapandisha sauti, kifua mbele: bring, brang, brung. Nikatupa majani kikapuni kama mshindi.

Mikono yake ikasimama.

"Brought," akasema, hata hajainua kichwa. Halafu akanigeuzia mgongo, kikapu chake kikawa mbele yangu. "Brought, brought. Leta majani, profesa."

Nyakundi, ilikuwa sauti yako. Hata kale ka-kuvuta mwisho, profesaaa. Nilipanguza macho nikasema ni umande, na jua lilikuwa linawaka juu yetu. Yeye pia alikuwa na umande wake. Kisha akaendelea kuniibia hadi jioni, na Jumapili usiku nikasikia anauliza mama yake pasi iko wapi.

Mama yako anaambia majirani eti nilikosea makusudi ili nimvute. Akanipikia kuku. Sikutaka kumsumbua na ukweli, na kuku alikuwa mtamu.

Siku hizi tunachuma pamoja kila Jumapili. Juzi nilimnasa kwa kitenzi kimoja. Kimoja tu, lakini nilikitangaza mpaka shamba la jirani likajua.

Nakuahidi hivi: nitachuma kando yake mpaka amalize kidato cha nne. Akimaliza, mimi pia natafuta huo mtihani niukalie. Cheka ukimaliza.

Lala salama, mwizi wangu. Nimepita hapo kwako leo nikakuwekea majani kidogo juu ya udongo, mkono mmoja, mabichi. Ni ya ile brang. Wewe ndiye ulinifunza, kwa hivyo ni haki yako.

Ni mimi,
Profesa